Jua la Mombasa: si ozoni iliyotoboka

“Ozoni imetoboka, ndiyo maana jua la siku hizi linachoma.” Kauli hii huisikia sana, hasa kivukoni Likoni watu wakisubiri feri kwenye joto la kaskazi.

Ozoni ni tabaka la gesi lililo juu sana angani, linalochuja miale mikali ya jua. Tundu lake haliko juu ya Mombasa. Liko Antaktika, hufunguka karibu kila mwaka kuanzia Agosti au Septemba na kuziba kabla mwaka haujaisha. Wanasayansi Waingereza walilitangaza mwaka 1985. Joto nalo ni jambo jingine kabisa, halipitii tunduni. Kinachotukalisha juani ni mahali tulipo: digrii 4 kusini mwa ikweta. Mwezi Machi na Oktoba jua hupita utosini hasa, hata kivuli cha nguzo kikajificha chini ya nguzo yenyewe. Miale ya urujuanimno (ile isiyoonekana kwa macho, inayounguza ngozi) hutufikia kwa njia fupi, na ozoni ya ukanda wetu tangu asili ni nyembamba.

Wengine husema ozoni imekwisha, haiponi tena. Inapona. Mkataba wa Montreal wa 1987, ambao sekretarieti yake iko Nairobi hapa hapa, ulipiga marufuku gesi zilizoila. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2022 inakadiria kwamba sehemu kubwa ya dunia itarudia hali ya 1980, kabla tundu halijajulikana, kufikia mwaka 2040 hivi, na Antaktika 2066.

“Leo kuna upepo wa kusi, jua halina nguvu.” Upepo hupoza ngozi, haupunguzi miale. Mawingu mepesi huweza kupitisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo.

Kuna hili linaloniuma zaidi: “Sisi weusi jua halitudhuru.” Kwa ngozi ni nusu ya kweli. Melanini, rangi inayotia ngozi weusi, hutukinga sana, na saratani ya ngozi itokanayo na jua ni nadra kwetu. (Ndugu zetu wenye ualbino hawana kinga hiyo. Kwao mafuta ya kuzuia miale ni dawa, si urembo.) Lakini jicho je?

Ami yangu amevua miaka mingi, kichwa wazi, miale ikimjia kutoka juu na kutoka majini. Kwenye jicho lake la kulia, upande wa pua, kiliota kinyama chenye vishipa vyekundu, kikatambaa taratibu kuelekea mboni. Akisema ni chumvi, akiosha na maji baridi. Alipokwenda kliniki kilikuwa kimeshagusa mboni. Jua la miaka mingi huleta hicho, na huchangia mtoto wa jicho pia.

Miwani ya giza peke yake haitoshi. Isiyochuja miale hupanua mboni na kuiachia miale njia. Tafuta yenye alama ya UV400, yaani inayozuia miale ya urujuanimno (UV kwa kifupi cha Kiingereza).

Ami alikatwa kinyama, akaambiwa kinaweza kuota tena. Sasa hashuki pwani bila pama lake la ukili, na wajukuu kawashonea yao.