Ugenishaji: mambo ya Mirihi yanatuhusu nini?

Anayefungua riwaya ya kisayansi kwa mara ya kwanza huuliza swali la haki kabisa: mimi na Mirihi wapi na wapi? Jibu limo katika dhana moja ya uhakiki, ugenishaji, yaani kukifanya kitu tulichokizoea kionekane kigeni ili tukitazame upya. Mazoea hupofusha. Aliyekulia Forodhani hasikii harufu ya bahari mpaka asafiri, arudi.

Dhana yenyewe si ya riwaya hizi peke yake. Mhakiki Mrusi Viktor Shklovsky aliieleza mwaka 1917 akizungumzia fasihi kwa jumla. Aliyeileta katika riwaya ya kisayansi ni Darko Suvin, mhakiki mzaliwa wa Zagreb aliyefundisha Kanada. Katika kitabu chake cha 1979 aliongeza sharti: ugeni huo uende sambamba na akili. Hapo ndipo riwaya ya kisayansi inapoachana na ngano. Jini akitoka chupani, hakuna anayemuuliza aliwezaje kuenea mle ndani. Lakini mashine ya mwandishi Mwingereza H. G. Wells ya kusafiri katika wakati, katika riwaya yake ya 1895, ina tandiko la kukalia na nyenzo mbili, mmoja wa kwenda mbele na mmoja wa kurudi nyuma, na mwenye mashine anawaeleza wageni wake kwanza jinsi inavyowezekana. Maelezo ni ya kubuni, ila yamevaa kanzu ya sayansi. Kitu hicho kipya, ambacho kisa chote kinakiegemea, Suvin alikiita kwa Kilatini: novumu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni The War of the Worlds ya Wells huyohuyo, iliyoanza kuchapishwa jaridani mwaka 1897 na kutoka kama kitabu 1898. Mtungi mkubwa wa chuma kutoka Mirihi, wenye wavamizi ndani yake, unaanguka karibu na Woking, kusini mwa Uingereza. Kifuniko chake kinajizungusha polepole kutoka ndani. Watu wachache wanausogelea wakipeperusha bendera nyeupe, waonyeshe kuwa wamekuja kwa heri. Mwali wa joto unawateketeza papo hapo. Hakuna salamu, hakuna mazungumzo. Waingereza, waliozoea kuwa wao ndio wanaoteremka pwani za watu wakiwa na silaha zisizojibika, sasa wanakimbia na mikokoteni yao barabarani.

Wells hakuacha jambo hilo lijifiche. Katika sura ya kwanza anawakumbusha wasomaji wake yaliyowapata watu wa Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia, mikononi mwa wahamiaji wa Ulaya. (Alidhani walikwisha kabisa, vizazi vyao wapo hadi leo.) Kwa msomaji wa pwani yetu kuna tarehe nyingine isiyomo kitabuni: 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipolipiga kwa mizinga jumba la Sultani Unguja, na vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia. Sisemi Wells aliiwaza Unguja. Nasema sisi hatuhitaji Mirihi ili tuielewe sura ile, walioihitaji ni wasomaji wake wa London.

Ukitaka kujua kama riwaya uliyoishika ina ugenishaji au ina mapambo tu, ing'oe novumu. Badilisha chombo cha angani kiwe jahazi, na bunduki ya miale iwe gobori. Kama kisa kinaendelea vilevile, ulikuwa unasoma hadithi ya maharamia iliyopakwa rangi ya nyota, na ziko nyingi mno, nyingine tamu kweli.

Katika Kiswahili, Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, aliipindua njia ya Wells. Katika riwaya yake ya 1995, Dzombo anahukumiwa kifo na kutiwa katika chombo cha angani. Hafi, anatua kwenye sayari ambako watu wanaishi kwa usawa. Safari hii mgeni si mvamizi, ni mtu wa kwetu, na kila anachokiuliza kule kinafichua alivyolelewa: anashangaa pale ambapo wenyeji hawaoni cha kushangaza. Sayari hiyo, na kitabu chenyewe, inaitwa Walenisi. Litamke jina hilo polepole, silabi moja moja, kabla hujafungua ukurasa wa kwanza.