Upepo unasababishwa na nini?

Upepo ni hewa inayosukumwa kutoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mgandamizo mdogo. Anayeanzisha msukumo huo ni jua, kwa sababu halipashi joto kila mahali sawasawa. Miti haileti upepo, ingawa utotoni wengi tuliamini hivyo. Miti inatikiswa tu.

Tunasahau kwamba hewa ina uzito, na uzito huo unavyokandamiza ndio mgandamizo. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye dari ya mita 3, kina hewa ya karibu kilo 30. Hewa hiyo ikipata joto hutanuka, ikawa nyepesi na kupanda juu.

Nenda Kibirizi, Kigoma, saa nane mchana. Mchanga wanakoanika dagaa unaunguza nyayo, na hatua chache mbele maji ya Ziwa Tanganyika ni vuguvugu tu. Jua ni lilelile. Ila kilo moja ya maji hutaka joto la karibu mara tano ya kilo ya mchanga mkavu ili ipande nyuzi moja, na mawimbi huchanganya joto hilo hadi chini. Basi hewa ya nchi kavu inapanda, mgandamizo unapungua, na hewa ya ziwani inaingia kujaza nafasi. Huo ndio upepo wa ziwa. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa upesi, ziwa linabaki na joto lake, na hewa baridi huteremka kutoka vilimani kuelekea majini, waliko wavuvi na taa zao.

Kiangazi, kuanzia Mei hivi, huja upepo mkubwa zaidi wa kusini-mashariki. Huo hautokani na ufukwe. Hewa hutoka kwenye ukanda wa mgandamizo mkubwa, karibu na nyuzi 30 kusini, ikielekea ikweta. Na kwa kuwa dunia inazunguka, huku kusini hupindishwa kushoto.

Nguvu yake si ya mchezo. Ziwa lina urefu wa kilomita 670 hivi, na upepo huo husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na kule Mpulungu, Zambia, kwenye ncha ya kusini, maji baridi ya chini yenye rutuba yanapanda juu. Upepo ukitulia, kwenye Septemba, tabaka hizo za maji huendelea kuyumba kusini na kaskazini kwa wiki kadhaa.