Life of Brian: waliyoipinga bila kuitazama vizuri

Tangu Monty Python, kundi la wachekeshaji wa Uingereza, watoe filamu ya Life of Brian mwaka 1979, mengi yanayosemwa juu yake yametoka kwa watu wasioitazama, na bado yanarudiwa.

Dhana: Brian ni Yesu aliyegeuzwa kichekesho.

Si kweli. Brian ni kijana mwingine kabisa, aliyezaliwa jirani. Mamajusi wanaingia kwao kimakosa, wanatoa zawadi, kisha wanarudi mbio kumpokonya mama yake na kuzipeleka zinakostahili. Yesu mwenyewe anaonyeshwa kwa heshima, akihubiri mlimani. Vituko viko nyuma ya umati, ambako sauti haifiki vizuri: "Heri wapatanishi" inasikika "heri watengeneza jibini", na watu wanaanza kuulizana wenye jibini wana nini cha pekee. Wanaochekwa ni wasikilizaji, na baadaye wafuasi wanaoona kiatu kilichomvuka Brian kuwa ishara takatifu.

Haya yote yaliwapita Askofu wa Southwark, Mervyn Stockwood, na mwandishi Malcolm Muggeridge, waliowakabili John Cleese na Michael Palin wa Monty Python kwenye runinga ya BBC Novemba 1979. Baadaye ilijulikana kwamba walipokwenda kuitazama filamu walichelewa, wakakosa kama dakika 15 za mwanzo, zile zile zinazomtenga Brian na Yesu. Hata hivyo askofu alifunga mjadala kwa kuwaambia Cleese na Palin watapata vipande vyao 30 vya fedha. Kumwita mtu Yuda kwa filamu ambayo hukuiona mwanzo wake ni kumwonea.

Dhana: Uingereza iliipiga marufuku.

Bodi ya ukaguzi wa filamu iliipitisha bila kukata kitu, kwa watu wa kuanzia miaka 14. Ila halmashauri zina kauli ya mwisho juu ya sinema za maeneo yao, na 39 ama ziliikataa ama zilipandisha umri hadi 18. Baadhi ya zilizoikataa hazikuwa na jumba hata moja la sinema! Glasgow ilisubiri hadi 2009 kuiruhusu.

Dhana: Waliolalamika ni Wakristo tu.

Huko New York, marabi nao waliipinga, tena kabla haijafika London.

Dhana: Kelele ziliiua.

Kelele ziliijazia watazamaji. Norway ilipoikataza, Sweden iliitangaza kuwa filamu inayochekesha mno hadi Norway wakaipiga marufuku.