Kabla ya kuongeza pumba, angalia ng'ombe wako analala wapi

Maziwa yakipungua, wafugaji wa huku Marangu huniuliza swali moja: "Daktari, nimwongezee pumba kiasi gani?" Mimi huomba kwanza kuingia bandani.

Kwa mama mmoja nilimkuta ng'ombe amesimama, miguu ya mbele iko kwenye sehemu ya kulala, ya nyuma imezama kwenye tope la kinyesi. "Huyu kazoea kusimama hivyo," mama akasema. Hakuzoea, amekosa pa kulala. Sehemu yenyewe ilikuwa na urefu wa futi tano na nusu, na mbele imezibwa kwa mabanzi. Ng'ombe huinuka kwa kutanguliza miguu ya nyuma, na hawezi bila kurusha kichwa mbele. Akigonga ubao mara mbili tatu huona heri asimame.

Ng'ombe wa maziwa anatakiwa alale jumla ya saa 12 hivi kwa siku. Akilala anacheua, kwato zinapumzika, na damu nyingi zaidi inapita kwenye kiwele. Mwenye damu ya Friesian, wale ng'ombe wakubwa wa maziwa, mpe futi 7 kwa 4, sakafu ya mbele iinuke kidogo, na mbele ya kichwa pawe wazi. Upau wa shingoni, ule unaokatiza juu ya shingo yake, usisahauliwe, maana ndio unaomzuia asisogee sana mbele akanya pale pale anapolala.

Kukagua hakuhitaji utaalamu. Ingia upige magoti pale anapolala, ujiachie kwa uzito wako wote. Yakiuma, mnyama wako analalia zege tupu. Nguo ikiloa, badilisha matandazo. Mama alijaribu, akainuka na khanga imelowa chapa. Ugonjwa wa kiwele mara nyingi huanzia hapo.

Wachaga wamefuga ndani tangu enzi za mababu: majani na migomba huletwa bandani, samadi hurudi kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani. Kwa ardhi finyu kama yetu sijaona utaratibu bora zaidi. Lakini ng'ombe wa machungani akikuta tope husogea pakavu, huyu wa ndani hana hiari hiyo. Tangu 2008 Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, ingawa wengi hudhani inawahusu punda wa mizigo tu.

Maji nayo! Ndoo moja asubuhi na nyingine jioni hazimtoshi anayetoa lita 10. Huyo anahitaji lita 60 hivi, zaidi akila majani makavu. Yawepo mbele yake mchana na usiku.

Kwa yule mama tulibandua mabanzi, tukarefusha sakafu, tukamwaga magunia mawili ya maranda kutoka kwa fundi seremala wa jirani. Yanayoloa huzolewa kila asubuhi na kurundikwa pamoja na samadi. Yaache yaoze kwanza. Maranda mabichi yakienda moja kwa moja shambani hunyonya naitrojeni, chakula cha mimea kilichomo udongoni, na migomba hugeuka njano.