Ukimya wa Nyaraka: Kwa Nini Nyanyako Hayumo Kwenye Faili

Mtu hutoka Kisumu kwa basi la usiku, akafika Makavazi ya Kitaifa pale Moi Avenue, Nairobi, akajaza fomu, akaagiza mafaili, akapekua mpaka macho yakamwuma, na mwisho akaambulia babu peke yake. Nyanya hayumo. Si kwamba karatasi zake zililiwa na mchwa. Hazikuandikwa tangu mwanzo. Hali hiyo ndiyo wanahistoria wanayoiita ukimya wa nyaraka.

Kwa maneno mepesi, ni pengo katika kumbukumbu zilizohifadhiwa: watu walikuwepo, wakalima, wakazaa, wakatozwa, lakini kalamu ikawaruka. Usichanganye na upotevu. Faili iliyoungua iliwahi kusema jambo. Ukimya ni pale ambapo hakuna aliyeona haja ya kuuliza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mtafiti mzuri hulichukulia pengo hivyo hivyo. Halipiti. Hujiuliza ni nani aliyeachwa nje, na yule aliyeshika kalamu alikuwa anatafuta nini.

Reli ndiyo mfano ninaoupenda, labda kwa sababu iliishia hapa kwetu. Ilifika ziwani Desemba 1901, mahali walipopaita Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Waliotoka Bara Hindi kuja kuijenga walikuwa 31,983, na waliokufa kati yao ni 2,493. Hebu zitazame tarakimu hizo vizuri. Hakuna "takriban" wala "maelfu kadhaa". Zimehesabiwa mpaka mtu wa mwisho. Na haikuwa huruma. Vibarua wale walikuja kwa mkataba, chini ya sheria ya uhamiaji ya India, na serikali ya kule ilikuwa na haki ya kuuliza walipo. Waafrika waliofyeka njia, wakachimba tuta na kubeba mizigo, hawakuachiwa hesabu ya namna hiyo. Aliyeandikwa ni yule ambaye kulikuwa na ofisi mahali fulani ya kumwulizia.

Ukilielewa hilo, umeielewa nusu ya dhana yenyewe. Serikali ya kikoloni haikuandika ili tukumbuke. Iliandika ili itoze, iajiri, ishtaki. Kwa hiyo mtu wa kawaida anaonekana kwenye karatasi siku ile tu alipogusana na kodi, kazi au kesi, halafu anatoweka tena.

Kipande, yaani kitambulisho cha kazi cha enzi ya ukoloni, ni ushahidi mzuri. Sheria yake ilipitishwa 1915, utekelezaji ukaja baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa atembee nacho, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wapo waliokifananisha na kengele ya mbuzi. Ndani mlikuwa na jina, alama ya kidole, wilaya, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoacha. Kwa mtafiti hiyo ni dhahabu, nami huona haya kidogo kusema hivyo, maana chombo kilichomfunga babu ndicho kilichotuhifadhia jina lake. Mwanamke hakupewa kipande. Utaona basi kwamba mfumo mmoja ulipiga kelele upande mmoja na kunyamaza kabisa upande wa pili.

Nenda Nakuru, kwenye mashamba ya masetla, mambo ni yale yale. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota, yaani Mwafrika aliyeishi na kulima kwenye shamba la setla, amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Mkataba ulibeba jina la mume. Pareto ilipokuja, mikono iliyoichuma ilikuwa kwa sehemu kubwa ya wanawake na watoto. Setla alijua vizuri ng'ombe na mbuzi wa skwota wake, kwa sababu mifugo hiyo ilimkosesha usingizi. Mke wa skwota alikuwa "mke wa fulani", basi.

Je, kuna namna ya kumpata? Ipo, ila si kwa kutafuta faili lenye jina lake. Unaliendea karatasi lililoandikwa kwa shabaha nyingine, ukalisoma pembeni, pale mwandishi alipotaja kitu bila kukusudia. Kesi za mahari na ng'ombe mbele ya mabaraza ya wazee, kwa mfano: karani alitaka kujua ng'ombe ni wa nani, lakini ili afike huko ilibidi wakati mwingine aandike alichosema mama wa watu. Vitabu vya ubatizo navyo husaidia sana. Waquaker walikuwa Kaimosi tangu 1902, Wakatoliki wa Mill Hill Mumias tangu 1904, Waanglikana Maseno tangu 1906. Huko mwanamke aliingia kwa jina lake mwenyewe, hata kama ni jina jipya alilopewa siku hiyo.

Majina, kwa kweli, ndiyo yanayowatoa watu jasho. Kwa Wajaluo mke huitwa kwa alikotoka: Nyar Alego, yaani binti wa Alego, Nyar Gem, Nyar Seme. Nyumbani hilo lilimtosha kabisa. Karani hakujua alifanyie nini. Na wanaume nao, Otieno aliyezaliwa usiku yuko kila kijiji, kwa hiyo bila jina la baba na la chifu unashika hewa. Waliolipa gharama kubwa ya kasoro hii ni wapagazi wa Kariakoo (Carrier Corps), waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Mwingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, wengi wao kutoka Nyanza. Mishahara ya waliokufa ilibaki bila kudaiwa, na mabishano juu ya fedha hizo yakaendelea miaka mingi baada ya vita. Hapo ukimya ulikuwa na bei yake kwa shilingi.

Upo pia ukimya wa kutengenezwa. Uhuru ulipokaribia, mafaili mengine yalichomwa na mengine yakasafirishwa Uingereza kimyakimya. Mwaka 2011, wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau huko London, ilibainika kwamba yalikuwa yamewekwa Hanslope Park, kituo cha serikali ya Uingereza, mafaili ya makoloni 37, yakiwemo takriban 1,500 ya Kenya.

Jambo moja huniudhi. Baadhi ya wanaoandika historia za koo wakifika penye pengo hulijaza kwa hadithi tamu na tarehe ya kubuni. Acha pengo lionekane. Andika kwamba kipande chake hakipo kwa sababu wanawake hawakupewa. Hiyo nayo ni habari juu yake.

Kabla hujapanda basi, keti na wazee. Uliza nyanya alikuwa nyar wapi, chifu wa enzi hizo alikuwa nani, alibatizwa kanisa gani. Na ukifika Makavazi usiagize faili la Siaya wala la Kakamega. Karatasi za miaka ya 1920 na 1930 zinaijua Siaya kama sehemu ya Central Kavirondo, Kakamega kama North Kavirondo, na Kisii kama South Kavirondo.