Muvi za zamani hazina rangi, kwani rangi haikuwepo?

Wengi tumekua tukiamini kwamba ukiona muvi ya mapenzi ya kizamani ni nyeusi na nyeupe, basi enzi hizo kamera za rangi zilikuwa bado. Ni rahisi kuamini, hata picha za babu na bibi zetu ziko hivyohivyo.

Lakini chukua Kitty Foyle ya 1940, ile ya binti wa familia ya kawaida anaolewa na kijana wa ukoo tajiri wa Philadelphia, halafu wakwe wanataka apelekwe shule akafundishwe tabia za kitajiri (hapo huwa naumia sana aisee). Haina rangi. Ila Gone with the Wind ilitoka 1939, mwaka mmoja kabla, na ina rangi kibao!

Rangi ilikuwepo ila ilikuwa ghali, kamera yenyewe dude zito linapitisha mikanda mitatu kwa mpigo, na inataka mataa makali mpaka seti inakuwa joto kama tanuri, kwa hiyo ikatumika zaidi kwenye muvi za nyimbo na za kihistoria, na hadithi za maisha ya kawaida zikabaki nyeusi na nyeupe maana ndo zilionekana za kweli zaidi, na mimi nakubaliana na watengeneza muvi wa enzi hizo, vile vivuli usoni vinasema mengi.

Ukitaka kuhakikisha angalia mwaka wa muvi, tafuta nyingine za mwaka huohuo uone. Na ukikuta ya zamani ina rangi, cheki kama ilipakwa baadaye kwa kompyuta.