Kidole Kinapofupika Bila Kuuma

Baridi ya Juni na Julai inapobana Mbeya, Njombe na Makete, watu husogeza miguu karibu na jiko la mkaa. Mwenye kisukari au ukoma ambaye nyayo zake zimekufa ganzi huungua bila kusikia. Kidonda kinaonekana kidogo, kinafungwa kitambaa, shughuli za shamba zinaendelea. Miezi inapita, kidole kinafupika na ukucha unajikunja juu ya ncha laini. Wengi hufika kwetu idara ya radiolojia, yaani ya picha za ndani ya mwili, wakati huo, na wapo waliokwisha kuzunguka kwa waganga wakiamini wamerogwa.

Hawajarogwa. Imezoeleka pia kusema ukoma hukata vidole, nao haukati. Vimelea vyake huharibu mishipa ya fahamu, mgonjwa anakosa maumivu ya kumwonya, anajiumiza mara kwa mara, usaha unaingia, na mwili unaufyonza mfupa kidogo kidogo. Dawa za ukoma hutolewa bure nchini. Inaniumiza kila ninapoona mfupa uliokwisha kwa mtu ambaye angeweza kutibiwa mapema.

Kipimo cha kwanza ni eksirei ya kawaida. Mkono una historia yake hapo: Desemba 1895, huko Ujerumani, Wilhelm Röntgen alipiga picha mkono wa mkewe, vifupa vya vidole na pete vikaonekana wazi. Hadi leo vidole vinasomeka vizuri kwa njia hiyo, kwa kuwa vina nyama kidogo.

Pingili ya mwisho ya kidole chenye afya ina ncha iliyotanuka kidogo, mfano wa sepetu. Mahali mfupa ulipolika ndipo panapotuelekeza kwenye chanzo. Ncha hiyo ikiisha kuanzia juu, tunafikiria ugonjwa wa ngozi kukaza au soriasisi (ugonjwa wa magamba ya ngozi) iliyoingia kwenye viungo. Mfupa ukichongoka kama penseli, hasa mguuni, tunauliza habari za ganzi, yaani ukoma au kisukari. Kwa mgonjwa wa figo wa muda mrefu, homoni inayosimamia kalsiamu huzidi, na dalili za mwanzo hujitokeza kwenye pingili za kati za kidole cha shahada na cha kati, upande unaoelekea dole gumba. Ukingo wa mfupa hapo huwa kama umetafunwa na mchwa. Ni alama ndogo sana, na asiyeitafuta haioni.

Nisisitize jambo moja. Eksirei safi haimaanishi kuwa mfupa ni mzima. Mfupa hulazimika kupoteza takribani asilimia 30 hadi 50 ya madini yake kabla upungufu haujaonekana, na maambukizi yanaweza kujificha hadi wiki 2. Kidonda cha mguu wa kisukari kikiendelea kutoa usaha, rudi upigwe picha tena, au daktari aombe MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, ambayo huonyesha uvimbe ndani ya mfupa mapema zaidi. Kipimo cha CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka, tunakihitaji mara chache, tunapotaka kuona vipande vidogo vya mfupa uliokufa.

Kuhusu mionzi, picha ya mkono hutumia kiasi kidogo kuliko mionzi ya asili tunayopata kwa siku moja. Mjamzito aseme kabla ya kupigwa.

Ukija, vua pete. Tutapiga mikono yote miwili au miguu yote miwili hata kama kidole kinachosumbua ni kimoja, kwa sababu upande mzima ndio kipimo cha upande mgonjwa. Leta na picha za zamani, hata zilizopigwa kituo kingine, kwani kwa kuzilinganisha tunajua mfupa unaendelea kulika au umetulia. Na kama asubuhi za baridi vidole vyako hugeuka vyeupe, kisha bluu, huku ngozi ikizidi kukaza, mweleze daktari ili aandike hivyo kwenye fomu ya kuombea picha. Mstari huo mmoja hutuonyesha pa kutazama kwanza.